Uvimbe wa Sehemu za Siri Haupimwi kwa Mdomo

SEHEMU YA 1

 Wiki hii uji wa lishe na ratiba ya kunyonyesha nimeviweka pembeni. Nataka tugombane kidogo.

Inboksi yangu imejaa picha, na sio za watoto. Ni picha za huku chini, zimepigwa chooni kwa tochi ya simu, na maneno ni yale yale. "Nesi samahani, hiki kinyama ni nini? Nimeambiwa ni masundosundo." "Nimeambiwa ni lawalawa." "Nimeambiwa nimerogwa." Ukiuliza umeambiwa na nani, jibu ni mama mkwe, muuza dawa, dada wa saluni, au wenzako wa kikoba. Kila mtu ameshapima isipokuwa yule aliyetakiwa kupima.

Hizo picha sizijibu, na leo nasema sababu ili usione nina maringo. Uvimbe unatambuliwa kwa vidole kama unavyotambuliwa kwa macho. Nikikugusa najua ni laini kama ndizi mbivu au mgumu kama kokoto, unatembea chini ya ngozi au umeng'ang'ania, unauma au hauumi, na kama tezi za kwenye kinena zimevimba. Picha haina hata kimoja cha hivyo. Halafu simu zinaibiwa jamani. Yako ikiuzwa mkononi kule Kilombero kesho, ile picha imo ndani.

Tuweke majina sawa kabla ya kugombana. Sehemu ya nje ina mashavu makubwa, ambayo huota nywele. Ndani yake kuna mashavu madogo. Juu kuna kinembe, chini ya kinembe kuna tundu la mkojo, chini ya tundu la mkojo kuna mlango wa uke, halafu msamba mpaka njia ya haja kubwa. Haya ni majina ya mwili kama goti na kiwiko. Mwanamke anayejua kusema "ni kwenye shavu dogo la kushoto, chini" anapata huduma haraka kuliko anayesema "huku, kule kwetu". Chukua kioo kidogo, chuchumaa, jitazame mara moja kwa mwezi. Uso wako unauangalia mara kumi kwa siku.

Na nikutulize mapema: vinyama na vivimbe vingi vya huku sio saratani. Saratani ya sehemu ya nje ni chache, ni kama 4 au 5 tu katika kila saratani 100 za viungo vya uzazi vya mwanamke. Ubishi wangu uko hapo hapo. Kwa sababu ni chache, kila mtu anabahatisha la kawaida, na yule mmoja mwenye ugonjwa wa nadra anazungushwa mpaka anachelewa.

SEHEMU YA 2: LAWALAWA

Hapa nitakaa, na najua kuna watakaoniblok.

Kwa asiyejua: lawalawa ni jina linalotumika sana Dodoma, Singida na Manyara, na huku Arusha tumelipokea pia. Mtoto wa kike anawashwa, ametoa ute, ana wekundu au kauvimbe sehemu za siri, basi mtu mzima anasema ni lawalawa, na dawa yake ni moja tu, kumkata. Wengine watakwambia kwa macho makavu kwamba asipokatwa atakufa au hatazaa.

Sasa nisikilize kama nesi. Mtoto wa kike akizaliwa ana homoni za mama yake mwilini, alizipata kupitia kondo la nyuma. Ndo maana mashavu yake yanaonekana yamevimba, tena makubwa kuliko unavyotegemea. Ndo maana anaweza kutoa ute mweupe mzito. Na ndo maana siku za mwanzo anaweza kutoa hata matone ya damu kwenye nepi, ukapiga yowe nyumba nzima ikaamka. Wengine wana kijinyama chembamba kinachochungulia kwenye mlango wa uke, ni ngozi ya kizinda tu. Homoni za mama zikiisha mwilini, vyote hivyo vinapungua vyenyewe ndani ya wiki chache. Dawa yake ni kusubiri.

Kwa hiyo, yaani, mtoto anazaliwa na hali ya kawaida kabisa, mtu anaipa jina la ugonjwa, halafu anaitibu kwa wembe. Halafu ute ukiisha, kama ambavyo ungeisha tu, wembe unapewa sifa. Huo mtego umekamata vijiji vizima.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, kifungo cha miaka 5 hadi 15. Kilichofuata sehemu nyingi unakijua. Ngoma zikanyamaza, na umri ukashushwa. Badala ya binti wa miaka kumi na mbili anayeweza kukimbilia shule, anakatwa kichanga asiyeweza kusema, na akiuliza mtu, jibu liko tayari: alikuwa anaumwa lawalawa, tumemtibu. Ugonjwa wa uongo umekuwa mlango wa nyuma wa kuikimbia sheria.

Mtoto aliyevuka wiki hizo za mwanzo akiwa mwekundu au akijikuna, angalia vitu vya kawaida kwanza. Nepi iliyokaa usiku mzima. Sabuni ya kipande yenye manukato. Kupanguswa kutoka nyuma kuja mbele. Minyoo midogo ile inayotoka usiku. Fangasi. Maambukizi ya mkojo, ambayo yanapimwa kwa mkojo tu na yana dawa. Wakati mwingine mashavu madogo yanagandana katikati, mama anafikiri mtoto hana njia; usiyaachanishe kwa vidole, mlete, mara nyingi yanaachia yenyewe au kwa krimu ya hospitali.

Kuna vitatu ambavyo siwezi kukwambia usubiri. Uvimbe wa kwenye kinena au shavu unaojitokeza mtoto akilia na kurudi akitulia: hiyo inaweza kuwa ngiri, na kwa mtoto wa kike ndani yake inaweza kuwa imeingia ovari. Mpasuaji amwone mapema, na ukigoma kurudi huku mtoto analia na kutapika, ni usiku huo huo. Cha pili ni doa jekundu lililoinuka kama tunda la stroberi, linalokua miezi ya mwanzo. Ni mkusanyiko wa mishipa ya damu, mara nyingi hupungua lenyewe, ila likiwa eneo hili huchubuka na kuwa kidonda, kwa hiyo linahitaji mtu wa kulifuatilia. Cha tatu ni cha nadra kabisa, na nakitaja kwa sababu ukikiona hutapata muda wa kusoma posti: vinyama laini vinavyong'aa kama kichala cha zabibu vikitoka ukeni kwa mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka mitano, pamoja na damu. Hiyo inaweza kuwa saratani ya watoto inayoitwa sarkoma. Usipite duka la dawa. Usipite kwa koko. Nenda hospitali ya mkoa, Mount Meru, na ukiandikiwa rufaa ya KCMC panda gari siku hiyo hiyo.

Koko nampenda na namheshimu. Amelea watoto wengi kuliko mimi. Ila wembe wake hapana.

SEHEMU YA 3: ILE PETE NYEKUNDU

Wengi mliniandikia baada ya jana. Mmoja ameuliza kitu ambacho nilipanga kukisema kesho, nakisema leo.

Kuna hali inayowapata zaidi watoto wa kike weusi kabla hawajavunja ungo, yaani watoto wetu. Ngozi ya ndani ya mrija wa mkojo inateleza na kutoka nje. Mama anakuta damu kwenye chupi ya mtoto wa miaka mitano au sita, anamtazama, anaona nyama nyekundu au ya zambarau, imezunguka kama pete, na katikati kuna katundu. Mtoto mara nyingi hata haumwi, anacheza.

Unajua kinachofuata? Kelele. "Mtoto ameingiliwa." Mjomba anakamatwa, kijana wa dukani anapigwa mtaani, mtoto anahojiwa na watu wanane mpaka analia na kukubali chochote. Au upande wa pili: "Hii ni saratani, msiguse." Nimeona familia ikivunjika kwa jambo hili, na aliyesema neno la kwanza alikuwa mtoa huduma, kwenye kituo ambacho sitakitaja, aliyemtazama mtoto kwa sekunde tano akiwa amesimama mlangoni.

Kulitambua hakuhitaji mashine. Mlaze mtoto kwenye paja la mama yake, taa nzuri, subira, na uangalie katundu kale ni ka nini. Kama mkojo unatoka katikati ya ile pete, na mlango wa uke unauona peke yake hapo chini, mzima, basi ni mrija wa mkojo uliotoka. Matibabu ni kukalia maji ya uvuguvugu, krimu ya homoni anayoandika daktari, na wachache wanahitaji upasuaji mdogo.

Msije mkaninukuu vibaya. Ubakaji wa watoto upo, hapa mjini upo, na mtoto akikwambia mtu amemgusa unamwamini na unakwenda hospitali kabla hujamwogesha. Namba 116 ya kusaidia watoto unaipiga bure. Ndo maana ninataka mtoto atazamwe vizuri na mtu anayejua. Anayebahatisha anaweza kumfunga mtu asiye na hatia leo, na kesho akamwachia mwenye hatia.

SEHEMU YA 4: SIO KILA KINYAMA NI MASUNDOSUNDO

Baba zetu mnaopita hapa kimya kimya, leo ni zamu yenu pia.

Masundosundo yanaletwa na kirusi cha HPV, aina namba 6 na 11 ndizo zinazosababisha karibu yote. Yanafanana na koliflawa ndogo. Sasa mke anaota kinyama, anaambiwa ni masundosundo, mume anamuuliza alikuwa wapi. Wapo waliorudishwa kwao na begi kwa ajili ya kinyama ambacho hakuna mtu aliyekipima.

Kwanza, hata kikiwa masundosundo kweli, kirusi kinaweza kulala mwilini miezi, hata miaka, kabla kinyama hakijatokea. Hakisemi kiliingia lini wala nani alikileta ndani. Anayesoma tarehe kwenye kinyama ni mpiga ramli.

Pili, vitu vinavyofanana na masundosundo ni vingi. Kuna vijinyama vya ngozi vya kawaida, vile vile unavyoviona shingoni kwa shangazi. Kuna vipele vidogo laini vilivyojipanga kwa ulinganifu ndani ya mashavu madogo, hivyo ni umbile lako tu, havihitaji kuchomwa dawa kali. Kuna kaswende ya hatua ya pili, inayoota vinyama vipana, bapa, vyenye unyevu. Huyu akipakwa dawa ya masundosundo, kaswende inabaki, na kama ni mjamzito inamfuata mtoto tumboni. Dawa yake ni sindano ya penisilini, na kipimo kinafanyika kliniki ya wajawazito hapo hapo kwenye kidole. Usikikwepe.

Na kuna kichocho. Tanzania ni ya pili Afrika kwa wingi wa kichocho, baada ya Nigeria. Dada uliyekulia Mwanza, Shinyanga, Pemba, au popote ulipokuwa unaoga na kuchota maji ya ziwa, bwawa au majaruba ya mpunga, mayai ya wale minyoo yanaweza kukwama kwenye nyama ya uke na mlango wa kizazi, na mara chache yanaota vinyama kabisa kwenye mashavu. Anaweza kuvipata binti ambaye hajawahi kukutana na mwanaume. Hebu fikiria binti wa miaka 11 anaambiwa ana ugonjwa wa zinaa. Amekwenda kuchota maji! Daktari wa Arusha asipokuuliza ulikulia wapi, mwambie mwenyewe.

Mjamzito, neno moja kwako. Masundosundo yanakua haraka ukiwa na mimba na kuvuja damu kirahisi, na ile dawa ya kahawia ya kupaka, podofilini, haitakiwi kabisa kwenye ujauzito. Usinunue. Dawa ya meno, spiriti na majivu navyo usipake. Vinachoma ngozi, kesho nikikutazama naona kidonda cha moto na ule ugonjwa wenyewe siuoni tena.

SEHEMU YA 5: KOVU LILILOVIMBA

Hii ni ya wamama na dada waliokeketwa. Sitaki mjifiche. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta 8 katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, toka 18 mwaka 1996. Tumshukuru Mungu. Ila kwa mkoa wetu wa Arusha ni 43 katika kila 100. Kwa hiyo kwenye foleni ya kliniki, mko wengi, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Mtu akikatwa, vipande vidogo vya ngozi vinaweza kuzikwa chini ya kovu. Ile ngozi haifi. Inaendelea kufanya kazi yake ya ngozi, kutengeneza uchafu ule mweupe, na kwa kuwa haina pa kuutoa, kifuko kinajaa polepole. Miaka inapita. Unaolewa, unazaa, kifuko kinakua, kutoka punje ya haragwe mpaka limau, wengine mpaka chungwa. Hakiumi, mpaka siku kikipata usaha au kikizuia kukaa na tendo la ndoa. Kipo mahali pa kinembe, kwa hiyo mwanamke anaogopa: ni saratani? Ni laana ya kumsema bibi?

Mara nyingi ni hicho kifuko tu, na kinatolewa kwa upasuaji usio mkubwa. Mara nyingine mpasuaji anakikuta kinembe kimebaki hapo chini yake, kimefunikwa. Wengine uvimbe ni kovu lenyewe lililoota, keloidi. Wengine ni kauvimbe kadogo kwenye mshipa wa fahamu uliokatwa. Hako ukikagusa hata kwa chupi unaruka. Vitu vitatu, matibabu matatu. Usikitoboe na sindano nyumbani. Kitajaa tena, na safari hii na usaha.

Na hofu kubwa naijua: "Nikienda wataniripoti polisi." Wewe ulikatwa ukiwa mtoto. Wewe si mshtakiwa. Anayekuhudumia hana haki ya kukufokea, kuita wenzake waje kutazama, wala kukupiga picha. Akifanya hivyo, vaa nguo zako, uliza mganga mfawidhi yuko wapi.

SEHEMU YA 6: SISI WENYE MAKOTI MEUPE

Komenti nyingi za jana zilikuwa tamu, "nesi unasema kweli", kwa sababu nilikuwa nawasema bibi na waume. Leo nasema wenzangu wa kazini, tuone.

Tunapima saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, vizuri sana. Lakini wangapi wetu tunaingiza ile spekulamu bila kutazama mlangoni? Tunapita na kibatari kwenda chumba cha ndani, na nyoka yuko barazani. Mama analalamika mwasho mwaka mzima, anapewa dawa ya fangasi ya kuweka ukeni mara nne, tano, sita. Hakuna aliyemwambia vua nikuone. Ngozi yake imekuwa nyeupe, nyembamba kama karatasi ya sigara, mashavu madogo yanapotea. Hiyo inaitwa laikeni sklerosi. Inapata wamama waliokoma hedhi na inapata watoto wadogo pia, na dawa yake ni krimu kali ya steroidi anayoandikiwa na kufuatiliwa. Ikiachwa, kwa wachache inageuka saratani. Fangasi haikuwepo tangu siku ya kwanza.

Tezi za Bartholin ziko mbili, moja kila upande wa mlango wa uke, kwa chini. Zikiziba zinavimba, hilo ni la kawaida sana, na kutoboa na kutoa maji au usaha ndo kazi. Lakini uvimbe mpya wa hapo kwa mwanamke aliyepita miaka 40 unachukuliwa kipande na kupelekwa maabara, kwa sababu umri huo inaweza kuwa saratani. Na uvimbe uliokwisha kutobolewa mara tatu ukarudi hautobolewi mara ya nne kwa mazoea. Unaulizwa wewe ni nani.

Hapo ndipo vile vya nadra vinapojificha. Mwaka 1983 madaktari wawili wa Marekani, Steeper na Rosai, walieleza uvimbe unaoitwa anjiomiksoma. Unawapata hasa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ukiushika ni laini, hauumi, unadhani ni Bartholin, au ngiri, au lipoma, yaani mafuta tu. Kumbe mzizi wake umeshuka ndani ya nyonga. Ukikatwa ule wa juu peke yake, unarudi, hata baada ya miaka. Kwa hiyo anayejua, kabla ya kisu anaomba picha ya ndani aone mzizi umefika wapi. Upande mwingine kuna hidradenoma, kauvimbe ka tezi za jasho, mara nyingi kadogo, kwenye mfereji kati ya shavu kubwa na dogo. Kenyewe hakana shida, ila kanaweza kuchubuka na kutoa damu, kakafanana na saratani kiasi kwamba mtu asiye na majibu ya maabara angeweza kukata nyama nyingi bila sababu. Kuna mama aliyeongezewa njia wakati wa kujifungua, na kwenye ule mshono kukaota kigumu kinachouma kila akikaribia hedhi: nyama ya ndani ya kizazi imejipandikiza kwenye kovu. Kuna doa jeusi lisilo na mpaka mzuri, melanoma. Anayeishi na VVU anaweza kupata saratani ya sehemu ya nje akiwa bado kijana, wakati wengine wanaipata uzeeni.

Hivyo vyote, niambieni, nani atavitenganisha kwa kuangalia tu? Hata bingwa hawezi. Ndo maana kuna biopsi.

Sasa ugomvi wenyewe. Kuna vyumba vya upasuaji mdogo ambako kinyama kinakatwa, kinawekwa kwenye beseni, kinatupwa. "Kilikuwa kidogo tu mama, umepona." Baada ya miezi minane mama anarudi, kimerudi kikubwa, na hakuna mtu duniani anayejua kile cha kwanza kilikuwa nini. Hayo sio matibabu. Ni kufuta ushahidi.

Kinyama kilichotolewa kwenye mwili wako kinaingia kwenye chupa ya fomalini, ile ya asilimia 10, na maji yake yawe kama mara kumi ya ukubwa wa nyama. Sio spiriti. Sio maji ya chumvi mpaka kesho, kitaoza. Chupa inaandikwa jina, umri, tarehe, na kimetoka wapi hasa. "Uke" peke yake haitoshi, sema shavu gani, upande gani. Kinapelekwa kwa mtaalamu wa patholojia. Kama kituo chako hakina, KCMC Moshi ni kama kilomita 80 tu kutoka hapa, na sampuli zinasafiri. Chupa haihitaji siti ya dirishani.

Na wewe mama unasema hivi, kwa adabu, kabla hujalala kitandani: "Daktari, mkikitoa, kitapelekwa maabara? Majibu nayafuata lini, na kwa nani?" Akikwambia hakuna haja, muulize ataandika wapi kwamba hakuna haja. Utaona kalamu inavyokuwa nzito.

SEHEMU YA 7: NAJIBU KOMENTI, KISHA NAPUMZIKA

Mama wa mapacha ameuliza ni vipi vya kukimbilia. Kidonda kisichofunga wiki tatu au nne. Uvimbe unaokua unauona. Kinachotoa damu bila kuguswa. Rangi iliyobadilika, nyeupe au nyeusi. Mwasho usiosikia dawa. Tezi ngumu kwenye kinena. Kwa mtu yeyote aliyepita 40, uvimbe wowote mpya.

Aliyeuliza gharama: uliza bei ya kutoa na bei ya maabara kwa pamoja kabla ya kuanza, wengi wanaambiwa ya kwanza tu. Kwa sera, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 huduma ni bure kwenye vituo vya serikali. Ukiombwa hela, omba risiti, na ustawi wa jamii wapo, ofisi yao ni ya nani kama sio yako?

Aliyesema "mume wangu hataki nitazamwe na daktari mwanaume": mwambie mhudumu unataka mwanamke, na kama hayupo, awepo nesi wa kike ndani. Ni haki yako. Mume naye mlete, akae pembeni ya kichwa chako, asikie mwenyewe badala ya kuhadithiwa.

Chanjo ya HPV ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Wanaosema inafunga kizazi, nimeshawajibu mwezi uliopita, sirudii.

Yule aliyeandika "nesi una chuki na mila": mila ya kumpa mzazi supu ya mbuzi na mtori naitetea mpaka kesho.

Na kwa yule mdogo wangu aliyefuta meseji asubuhi baada ya kunitumia. Niliiona. Sijaihifadhi. Ukienda kutazamwa, usinyoe siku hiyo, usijipake poda wala krimu, usijisafishe ndani, oga kawaida. Andika kwenye karatasi kilianza lini na kimekuwa kikubwa kiasi gani, maana ukishalala pale utasahau. Beba kitenge chako cha kujifunika.